Vitu vya winta nilivyonunua Minneapolis: vya kununua kwanza na vya kuacha dukani

Rivyu hii ni ya ndugu zangu mnaoingia winta ya kwanza au ya pili huku Minnesota, na mlioko Wisconsin, Dakota, Michigan, hata Maine kule waliko ndugu zetu wengi wa Kongo, maana kila mwaka majani yakianza kupukutika meseji zinamiminika, dada ninunue nini, gari langu litawaka kweli, nyumba inaingiza upepo nifanyeje. Nimeona niandike kila kitu sehemu moja. Ninakaa Minneapolis nyumba ya kupanga, ya zamani, madirisha ya mbao, gari ni Camry na linalala nje barabarani, gereji sina. Kwahiyo haya ni ya mtu wa kipato cha kawaida, mwenye zamu ya alfajiri, ambaye hawezi kununua kila kitu kwa mpigo.

Jibu fupi ni hili: hela ya kwanza peleka kwenye tairi na betri, ya pili peleka kwenye kuziba upepo ndani na alamu ya hewa ya sumu, mengine yote yanaweza kusubiri mshahara unaofuata. Na fanya kabla Oktoba haijaisha. Theluji ya kwanza ikishadondoka tu mji mzima unakumbuka tairi siku hiyo hiyo, ukipiga simu gereji unaambiwa foleni ni wiki mbili au tatu, na wewe kazini wanakusubiri kesho.

Nianze na tairi maana hapo ndipo watu wanabisha sana. Mimi nimefunga Bridgestone Blizzak zote nne, kwa saizi ya gari langu zilinitoka kama dola 700 na kitu pamoja na kufungwa, na kwangu mimi ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote tangu nifike huku. Watu wananiambia gari lao limekuja na tairi za misimu yote, kwahiyo wako sawa. Sikilizeni jamani, tatizo haliko kwenye meno ya tairi peke yake, liko kwenye raba yenyewe. Raba ya tairi la kawaida inaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, hiyo ni kama 45 za Fahrenheit wanazotumia huku, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo inavyozidi kuwa ngumu, haishiki lami wala barafu. Raba ya tairi la winta imetengenezwa ibaki laini hata kwenye baridi kali, na hizi Blizzak zina vitundu vidogo vidogo ndani ya raba ambavyo vinanyonya ule utando mwembamba wa maji unaokaa juu ya barafu, na huo utando ndio hasa unaotelezesha gari. Tofauti unaisikia mguuni kwenye breki. Ile taa ya barabarani karibu na kwangu ipo kwenye kiteremko, zamani nilikuwa naanza kukanyaga breki mbali kabisa huku nasali, sasa hivi gari linasimama pale ninapotaka lisimame.

Ukienda kununua usidanganywe na herufi M+S ubavuni, yaani matope na theluji, zile hata tairi za kawaida zinazo. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati yake, hiyo maana yake tairi limepimwa kwenye theluji kweli. Na nunua nne, usinunue mbili. Najua mbili ni nafuu na muuzaji mwingine atakukubalia, lakini ukifunga za mbele tu, mbele inashika na nyuma haishiki, ukikata kona matako ya gari yanakuzunguka na unajikuta umeangalia ulikotoka. Mkononi kama hela haitoshi tafuta seti iliyotumika yenye meno ya kutosha, kwa theluji meno yasipungue 6/32 ya inchi, chini ya hapo ni kama umefunga kipara tu.

Ubaya wa tairi za winta kwa ujumla upo na niuseme: zina kelele kidogo barabara kuu, gari linahisi laini laini kwenye kona, mafuta yanaongezeka kiasi, na ukizembea kuzitoa mwezi wa nne au wa tano joto linazila haraka sana. Tena unahitaji sehemu ya kuhifadhi zile nyingine, mimi naziweka basementi kwenye mifuko myeusi. Lakini hata ukipiga hesabu, wakati hizi zinatumika zile nyingine zimepumzika, kwahiyo zote mbili zinakaa miaka mingi zaidi.

Kingine cha bure kabisa ni upepo. Joto likishuka nyuzi 10 za Fahrenheit tairi linapoteza kama psi 1, hicho ndicho kipimo cha upepo wa tairi, ndiyo maana asubuhi ya kwanza ya baridi taa ya tairi inawaka kwenye dashibodi na watu wanadhani wamepata pancha. Pima, jaza, endelea na safari.

Betri sasa. Watu wengi wanalaumu baridi kwamba imeua betri yao, ukweli ni kwamba joto la kiangazi ndilo linaloila betri taratibu na baridi inakuja kuifichua tu. Kwenye nyuzi 0 za Fahrenheit, yaani hasi 18 za Selsiasi, betri inakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na wakati huo huo oili ya injini imekuwa nzito kwahiyo injini inadai nguvu nyingi zaidi ili izunguke. Kwa hali hiyo betri iliyokuwa inahangaika Agosti, Januari haikupi hata mlio. Kama betri yako imefika miaka mitatu hadi mitano, nenda kapime Septemba au Oktoba. AutoZone, duka la vipuri vya magari, wanapima bure na ni dakika chache tu, mimi walinipimia pale pale kwenye maegesho bila hata kunishawishi kununua, nawapa nyota 5 kwa hilo. Ukinunua mpya angalia namba ya CCA kwenye lebo, hiyo ndiyo nguvu ya kuwasha gari iliyopimwa kwenye baridi ya hasi 18, kubwa ni bora, na isiwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Pamoja na betri nina ile mashine ndogo ya kubusti, NOCO GB40, ukubwa wake kama kitabu kinene, unaibana kwenye betri yenyewe na gari linawaka bila kuomba gari la mtu. Kwa dada anayetoka zamu saa tano usiku kwenye maegesho matupu ya nyumba ya wazee, hiki ni kitu cha lazima, sisemi kwa mzaha. Nimeshabusti nayo gari langu na la mfanyakazi mwenzangu mwenye van, na ikaweza. Angalizo moja, ndani yake ni betri ya lithiamu na lithiamu haipendi baridi kali, kwahiyo usiilaze kwenye buti usiku kucha, iwe kwenye begi lako unaloingia nalo ndani, na uichaji mara moja moja hata kama hujaitumia.

Hita ya injini ile ya kuchomeka kwenye umeme, nikisema ukweli mimi sina kwasababu nalaza gari barabarani na huwezi kuvusha waya juu ya njia ya watembea kwa miguu. Binamu yangu kule kaskazini karibu na Duluth anayo na hatoki nyumbani bila hiyo, anaiwekea taimer iwake masaa mawili matatu kabla ya kuondoka, injini inakuwa imeshapata uvuguvugu na hita ya ndani inatoa joto mapema. Kwa mwenye gereji au plagi ya nje, na anayeishi huko juu zaidi, nunua. Kwa Minneapolis mjini ukiwa na betri nzuri na oili nyepesi kama 0W-20, ile W ndiyo ya winta, gari litawaka karibu kila siku ya mwaka. Ndiyo zipo siku za kutisha, Januari 30 mwaka 2019 hapa mjini tulifika hasi 28 za Fahrenheit, ambayo ni kama hasi 33 za Selsiasi, siku kama hiyo hata shule zinafungwa.

Kitu ambacho nasema kiacheni dukani ni zile hita ndogo za kuchomeka kwenye tundu la sigara ndani ya gari, zinazouzwa sana mtandaoni zikiwa na picha ya kioo kinayeyuka barafu dakika moja. Shemeji yangu aliletewa moja, tukaijaribu wote, inapuliza hewa ya uvuguvugu kama pumzi. Na ukipiga hesabu haiwezekani iwe vinginevyo, tundu lile linatoa volti 12 na ampea kama 10 hadi 15, hiyo ni wati 120 mpaka 180, wakati hita ndogo ya chumbani ina wati 1500. Hiyo dola 30 nunua kikwaruo kizuri cha barafu chenye brashi ndefu upande wa pili, ubaki na chenji.

Maji ya waipa usipuuze, na usiweke maji ya bomba hata kidogo, yataganda, yatapasua tenki au pampu. Soma lebo, sio rangi, maana ya bluu ipo ya kiangazi na ipo ya winta, chukua iliyoandikwa hasi 20 za Fahrenheit au chini zaidi. Barabara zikimwagwa chumvi, lori likikupita linakurushia tope jeupe kioo kizima na hapo ndio utaelewa kwanini nasema galoni moja ikae kwenye buti muda wote. Kulanti, yale maji ya kupoza injini, mwambie fundi aipime, mchanganyiko wa nusu kwa nusu unavumilia mpaka hasi 37 za Selsiasi. Na mafuta usishuke chini ya nusu tenki. Kwenye buti weka blanketi, tochi, chepe dogo, mfuko wa mchanga, chakula kisichoganda kikawa jiwe. Ukikwama kwenye theluji usiache gari ukatembea, baki ndani, toka kwanza usafishe ekzosi isizibwe na theluji, halafu washa injini kama dakika 10 kila saa na dirisha liwe wazi kidogo.

Haya, twende ndani ya nyumba.

Plastiki za madirishani. Hizi nyota 5, na ningeweza kutoa 6 ningetoa. Mimi natumia za Duck, boksi moja la madirisha matano ni kama dola 20, za 3M nazo nimezitumia na ni nzuri vile vile, tofauti siioni. Unafuta fremu kwa spiriti mpaka mafuta na vumbi viishe, unaacha ikauke, unabandika selotepu ya pande mbili kuzunguka fremu yote, unatandaza plastiki, kisha unapitisha draya ya nywele na mikunjo yote inajikaza mpaka plastiki inakuwa kama ngozi ya ngoma. Ile hewa iliyonaswa katikati ya plastiki na kioo haitembei, na hewa isiyotembea ndio blanketi lenyewe. Chumba cha watoto kilikuwa na dirisha ukipitisha mkono unasikia upepo, nilipobandika tu pazia liliacha kucheza. Bili ya gesi nayo ilionyesha.

Ila kuna mambo ya kujua. Moja, bandika wakati bado kuna joto, selotepu haishiki fremu ya baridi, ukisubiri Desemba itabanduka usiku na utasikia inapasuka paa paa paa. Mbili, kila chumba cha kulala acha dirisha moja ambalo linafunguka haraka, moto ukitokea hilo ndio mlango wako. Tatu, dirisha la jikoni usibandike kabisa! Sisi ni watu wa kukaanga dagaa na samaki, kuunga vitunguu vya pilau, nyumba ikishazibwa harufu haiendi popote, na alamu ya moshi italia jengo zima lishuke chini na mablanketi. Nne, kwa mpangaji, mwezi wa nne usivute selotepu kwa hasira, pasha kwanza na draya ilainike, la sivyo inaondoka na rangi ya ukuta na depoziti yako inaenda nayo. Chini ya mlango weka ile mipira ya kuziba, au hata taulo lililokunjwa likafungwa vizuri, kazi ni ile ile.

Sasa hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukishaziba nyumba, hewa ya kaboni monoksidi ndiyo adui namba moja. Haina harufu, haina rangi, inakupa kichwa kuuma na usingizi na unadhani ni uchovu wa dabo shifti. Inatoka kwenye fanesi mbovu, ile mashine ya kupasha joto nyumba nzima, gari lililowashwa gereji, jenereta, na inatoka kwenye JIKO LA MKAA. Usiwashe mkaa ndani. Hata kama umeme umekatika, hata kama ni kuchoma mahindi dakika tano, hata ukifungua dirisha. Texas Februari 2021 umeme ulipokatika kwenye ile baridi, kuna familia zilipoteza watu kwa hewa hii kwasababu waliwasha gari gereji au waliingiza majiko ya mkaa ndani wakitafuta joto. Nyumbani tumezoea jiko la mkaa, lakini nyumba zetu zinapitisha hewa juu na chini, hizi za huku zimefungwa kama kopo. Alamu ya kaboni monoksidi ni dola 25 hadi 40, ya Kidde au First Alert zote nimeona zinafanya kazi, na kwa sheria ya Minnesota lazima iwepo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Kama umepanga na haipo, mwandikie mwenye nyumba leo. Bonyeza kitufe chake kila mwezi uone kama inalia. Na oveni ya jikoni sio hita ya sebuleni.

Hita ndogo za umeme ni sawa kwa chumba kimoja ambacho hakipati joto, chagua inayojizima ikianguka, ikae futi 3 mbali na pazia na kitanda, ichomekwe ukutani moja kwa moja, sio kwenye ekstensheni, maana wati 1500 zinachemsha waya mwembamba. Ukilala, zima.

Filta ya fanesi badilisha mwanzoni mwa msimu kisha uiangalie kila mwezi, ikiwa ya kijivu imejaa vumbi, toa. Kwa wenye nyumba zenu, fungua mpira wa kumwagilia bustani kutoka kwenye bomba la nje na ufunge koki ya ndani, maji yakibaki mle yanaganda, yanatanuka, bomba linapasuka ndani ya ukuta na utajua siku barafu ikiyeyuka. Usiku wa baridi kali sana fungua milango ya kabati chini ya sinki na uache bomba lidondoshe maji kidogo kidogo. Ukisafiri kwenda nyumbani Desemba usizime joto ili kuokoa hela, acha themostati angalau 55 za Fahrenheit.

Kwa wapangaji, kuanzia 2024 sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba anayesimamia joto yeye mwenyewe ahakikishe halishuki chini ya nyuzi 68 za Fahrenheit kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Nunua kipimajoto cha dola 10, piga picha na tarehe, ndipo ulalamike, inasikilizwa zaidi. Na kwenye miezi hiyo hiyo ipo kanuni ya baridi inayozuia kampuni ya umeme au gesi kukukatia huduma ya kupasha joto nyumba, lakini sharti wewe ndiye upige simu mkubaliane malipo na uyalipe kama mlivyokubaliana. Watu wetu wengi wanaona aibu kupiga, wananyamaza mpaka barua ya mwisho inafika. Piga. Omba mkalimani wa Kiswahili kama Kiingereza kinakusumbua.

Chumvi ya ngazini: ile ya kawaida ikishuka chini ya nyuzi 15 za Fahrenheit haiyeyushi kitu, unamwaga bure. Siku hizo tumia mchanga upate kukanyaga bila kuteleza, au chumvi ya kalsiamu ambayo ni ghali kidogo. Na usimwage kama unapanda mpunga, idara ya mazingira ya jimbo inasema kijiko kimoja cha chai kinachafua galoni 5 za maji na haitoki tena, na haya maziwa yetu ndiyo tunayovulia samaki kiangazi. Piga chepe kwanza, chumvi baadaye.

Anayelaza gari barabarani kama mimi, jiandikishe kupata meseji za jiji za dharura ya theluji, yaani zile siku jiji linaposafisha theluji barabarani. Kwa Minneapolis siku ya kwanza inaanza saa tatu usiku, hakuna kupaki upande wowote kwenye zile barabara kubwa zilizotangazwa, mpaka saa mbili asubuhi. Siku ya pili kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku huruhusiwi upande wa nyumba zenye namba shufwa kwenye barabara ndogo, siku ya tatu ni zamu ya upande wa namba witiri, saa zile zile. Ukikaidi gari linavutwa na kulikomboa ni hela nyingi. St. Paul wana utaratibu wao mwingine, msichanganye.

Duka ninalolipenda kwa haya yote ni Fleet Farm ile ya Brooklyn Park, unakuta betri, waipa, plastiki za madirisha, chumvi, machepe, mpaka soksi za sufu chini ya paa moja, na wahudumu wake wengi ni wazee wenyeji wanaoijua baridi, ukimuuliza mzee swali anakuacha umeelewa. Menards bei za plastiki na filta ni nzuri zaidi kidogo. Ikifika Machi vitu hivi vyote vinashushwa bei ili kupisha vya bustani, mimi plastiki na maji ya waipa ya msimu unaofuata nanunua wakati huo huo na kuviweka basementi pale pale kwenye tairi.